Dishon Nabiswa, Mlinzi Aliyefungua Behewa

Ndugu waombolezaji, jamaa mliotoka Chwele na Funyula mkasafiri bila kulala, majirani wa Shauri Moyo ambao mmekaa nasi katika uwanja huu tangu msiba ulipotufika, wafanyakazi wenzake, na nyinyi nyote mliosimama kule nyuma kwa kukosa nafasi, familia imemtwika Job, mdogo wake marehemu, jukumu la kuwasomea maisha ya Dishon kabla msafara haujaondoka leo alasiri kumpeleka nyumbani. Job alikuwa mkalimani mahakamani kwa miaka ishirini na minane, akiwasomea watu mashtaka yao kwa sauti hii hii mnayoisikia, na anawaomba radhi mapema, kwa sababu yaliyoandikwa humu si ya kuliwaza tu, yana damu ndani yake, na familia haikukubali hata sentensi moja ipunguzwe.

Dishon Wafula Nabiswa alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1969, huko Chwele, katika iliyokuwa wilaya ya Bungoma, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Nabiswa, seremala aliyejulikana kwa milango yake kutoka Kimilili hadi Sirisia, na marehemu mama Nekesa, ambaye hakujulikana kwa lolote nje ya boma lake ila ndiye aliyetulea. Mama alisimulia kwamba Dishon alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Wafula, na kwamba hakulia mpaka alipopigwa makofi mara tatu, na tangu siku ile alibaki mtu wa maneno machache.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1976, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982, na Januari 1983 akajiunga na shule ya sekondari, ambako alisoma hadi kidato cha pili, akiwa hodari wa hesabu na mbovu kabisa wa kuimba, na hapo masomo yake yakakoma, si kwa uvivu, bali kwa jambo ambalo ni lazima tulieleze, kwa sababu ndilo lililomfanya awe mtu aliyekuwa.

Nyumba yetu iliingiliwa na wezi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 1981, sisi tukiwa kanisani, wezi wakatoboa ukuta wa udongo upande wa jikoni, wakabeba gunia moja la mahindi na redio ya baba, na baba aliporudi akatazama lile tundu, akacheka, akasema wezi hao wana aibu, wamengoja tuondoke, kisha akakanda udongo na kuliziba kabla ya giza kuingia. Mara ya pili ilikuwa tarehe 23 Novemba 1984, saa kumi jioni, sisi sote tukiwa uani tunapukuchua mahindi, wakaja wanaume wanne wakipita langoni kama wageni, wakamlaza baba kifudifudi mbele ya mke na watoto wake, wakampiga kwa rungu mkono wa kulia mpaka mfupa ukatokeza nje, ilhali mlango wa nyumba ulikuwa wazi na wangeweza kuingia na kuchukua walichotaka bila kumgusa mtu. Mkono ule haukushika randa tena, karo ikakosekana, na Dishon, akiwa na miaka kumi na mitano, akaacha shule na kuanza kulima mashamba ya watu.

Miaka mingi baadaye, Job alipoajiriwa mahakamani na kujifunza kwamba sheria inatenganisha wizi wa kuvunja na wizi wa mabavu, alikuja kumweleza kaka yake kwa majivuno kama mtu aliyegundua jambo, kwamba kuvunja ni kosa linalotendewa mlango, ukuta au kufuli, na mabavu ni kosa linalotendewa mtu, hata kama kilichoibwa ni kile kile, na Dishon akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, “Hayo nilijua tangu mkono wa baba,” akaendelea kunywa chai yake.

Alifika Nairobi Februari 1988 na kupokelewa na mjomba hapa Shauri Moyo, katika chumba kimoja cha nyumba za kaunsili kilicholaza watu sita, na kwa miaka saba alibeba marobota ya mitumba Gikomba, kazi iliyompa shingo nene na magoti mabovu. Mwaka 1995 akaajiriwa kuwa bawabu wa magodauni, na Mei 2012 akachukuliwa na kampuni ya ulinzi iliyopewa kandarasi ya kulinda mizigo kwenye garimoshi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na miwili bila kupewa barua hata moja ya onyo. Alipiga viatu rangi kila asubuhi, hata siku za mvua ambapo vingechafuka kabla hajafika barabarani, na alikuwa na tabia ya kuhesabu lakiri za mabehewa kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka wenzake wakamwita Mwalimu, jina ambalo alijifanya halipendi.

Alifunga ndoa takatifu na Triza Nabwire, binti wa Funyula, Busia, siku ya Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, katika kanisa hili lililo nyuma yetu. Triza alikuwa ameanza kuuza dagaa wa omena sokoni, na wale waliokuwepo watakumbuka kwamba bwana harusi alichelewa kwa dakika arobaini kwa kuwa alipita kwa fundi kushonewa kifungo kimoja cha koti, na bibi harusi akamwambia mbele ya mchungaji kwamba akichelewa tena atamkuta ameolewa. Hakuchelewa tena. Mungu aliwajalia watoto watatu, Nabiswa aliyezaliwa mwaka 1996, ambaye ni fundi wa magari huko Njiru, Nanjala aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na Khaoya aliyezaliwa mwaka 2007, ambaye yuko kidato cha nne na anatarajia kufanya mtihani wake mwaka huu, na atafanya.

Tuseme jambo moja zaidi kuhusu mtu huyu kabla hatujafika kwenye kifo chake. Jumapili ya tarehe 8 Agosti 1999, wakazi wa mtaa huu walimkamata kijana mmoja akitoka dirishani mwa nyumba ya mtu aliyekuwa safarini, wakampiga mawe, wakamvika tairi shingoni, na petroli ilikuwa tayari kwenye kopo, na Dishon aliyekuwa ametoka kanisani na suti yake moja akajipenyeza katikati, akamkumbatia yule kijana, akapaza sauti kuliko siku zote za maisha yake, “Huyu amevunja! Hajampiga mtu! Mpelekeni kituoni!” Jiwe lililokusudiwa kijana likampiga Dishon nyuma ya sikio la kushoto, na sikio hilo halikusikia vizuri tena, ila kijana alifika kituoni akiwa hai, akahukumiwa, akatumikia kifungo chake, akatoka. Baadhi yenu mlirusha mawe siku hiyo. Dishon alijua nani alirusha nini, na hakuna aliyewahi kuulizwa.

Sasa tunafika Jumanne ya tarehe 20 Februari 2024. Ili kila mtu aelewe, tueleze kwanza jinsi kazi yao inavyofanywa, kwamba katika safari ya mizigo yenye thamani walinzi huwa wawili, mmoja huning'inia kwenye ngazi ya behewa la mwisho akiwa na filimbi na simu, na wa pili hufungiwa ndani ya behewa lenye mzigo unaotafutwa zaidi, akitia komeo kubwa la chuma lililowekwa upande wa ndani, komeo ambalo halifikiwi kutoka nje hata kwa nondo. Kanuni ya kwanza, waliyosomewa kila Jumatatu, ilikuwa kwamba aliye ndani hafungui kwa sababu yoyote, awe anaitwa na bosi, awe anaitwa na mamake, mpaka msimamizi abishe hodi mwisho wa safari na kutaja namba ya lakiri. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Dishon kukaa ndani, behewa lilijaa mitungi ya mafuta ya kupikia ya lita ishirini, na aliyekuwa nje ni Okumu, mwenzake wa miaka tisa.

Saa nane na robo mchana garimoshi lilisimamishwa na taa nyekundu nyuma ya magodauni ya Makongeni, ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, mahali ambapo wengi wenu hupita mkienda kazini. Lori dogo lilikuwa linangoja kando ya ukuta. Wanaume watatu walimvuta Okumu kutoka ngazini, wakamburuta juu ya kokoto hadi mbele ya behewa la mafuta, wakampigisha magoti na kumwekea panga shingoni, na hawakuhangaika na mlango hata kidogo, kwa sababu walijua habari za komeo, na walijua pia kwamba komeo lina mtu.

“Fungua, mzae,” mmoja akasema, “ama tumkate huyu ukiona.”

Dishon alikuwa akiwaona kupitia mwanya wa hewa ulio juu ya mlango. Wakaanza kuhesabu hadi tano, na walipofika tatu panga likachana ngozi, damu ikashuka kwenye kola ya sare, na Okumu, ambaye ametuomba tuseme hili mbele yenu, akalia kwa nguvu, “Fungua, Dishon! Fungua, baba, nina watoto!” Dishon akavuta komeo, mlango ukafunguka, naye akashuka mikono ikiwa juu.

Walikuwa wamepata walichotaka, ndugu zangu. Mlango ulikuwa wazi, mzigo ulikuwa wao, mlinzi hakuwa na silaha wala hakuwa na pumzi ya kukimbia na yale magoti yake. Hata hivyo mmoja wao akamzungushia nondo, ikavunja taya, na alipoanguka akapigwa tena kichwani, mara mbili, juu ya sikio lile bovu, kisha teke, kisha tena nondo, mpaka akaacha kusogea. Okumu akapata nafasi, akakimbia kuelekea barabarani bila kutazama nyuma. Wanaume wale wakapakia mitungi kwa dakika kumi na mbili hivi, king'ora kikasikika mbali, wakaruka kwenye lori na kuondoka, wakiacha behewa likiwa limejaa nusu na mlango ukiwa wazi.

Tungependa kusema kwamba hapo ndipo msaada ulipofika. Kilichofika ni watu, zaidi ya mia moja, kutoka vibandani, kutoka magodauni, kutoka mitaa yetu hii, na kila mmoja alikuja kwa ajili ya mafuta. Dishon alikuwa amelala kati ya mlango na njia, akivuja damu puani na masikioni, na kila aliyebeba mtungi ilimbidi amruke, na walimruka, wengine kwa kwenda na kurudi. King'ora kile kilikuwa cha gari la wagonjwa lililokuwa likipita na shughuli zake, na polisi walifika baadaye, baada ya nusu saa nzima, wakakuta behewa tupu na mtu mmoja chini, kichwa chake kimefungwa mtandio wa kike wa rangi ya zambarau.

Lakini kabla polisi hawajafika, simu ya kwanza kwa kampuni ilikuwa imeshapigwa na Okumu, akiwa amejificha nyuma ya duka la vyuma, na katika hofu yake alifikiria kanuni ile ya kwanza, akafikiria kwamba mlinzi anayefungua hufutwa siku hiyo hiyo, akaamua kumwokoa mwenzake kwa uongo. Alisema, “Bosi, behewa limevunjwa. Sisi tulikuwa tumeshuka kuchota maji, na Dishon ameanguka akikimbilia gari.” Akaufunga mkwaruzo wa shingoni kwa skafu, na polisi walipomhoji akarudia yale yale, na katika kitabu cha matukio ikaandikwa kuvunja behewa na kuiba, walinzi hawapo, hakuna aliyeshambuliwa.

Alidhani amemfanyia wema. Kesho yake wapelelezi walikagua mlango, wakakuta hakuna kilichovunjwa, komeo limevutwa kutoka ndani, zima kabisa, na kwa kuwa maneno ya Okumu yalisema hakukuwa na mabavu, na mlango ukasema hakukuwa na kuvunja, likabaki jibu moja tu, kwamba Dishon aliwafungulia wezi wenzake na wakampiga wakigombania mali. Tarehe 22 Februari, akiwa hajitambui, ametoka kupasuliwa fuvu kuondolewa damu iliyoganda, mkono wake wa kulia ulitiwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na askari akawekwa mlangoni.

Job anataka isomwe wazi kwamba yeye, aliyekaa kati ya hakimu na mshtakiwa kwa miaka ishirini na minane, alipoambiwa habari ya komeo zima alijua huo ni ushahidi mbaya sana, na kwa zaidi ya wiki tatu hakukanyaga hospitalini. Alimwonea kaka yake aibu. Kama kuna aliyepaswa kuuliza huu ni wizi wa aina gani, ni yeye, na hakuuliza. Triza ndiye aliyekwenda kila siku, asubuhi na jioni, akimpangusa midomo kwa pamba, na akirudi sokoni anakuta omena zake hazijaguswa, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba mumewe alikuwa mwizi, hata wale ambao jikoni mwao kulikuwa na mtungi wa lita ishirini usio na risiti.

Dishon alifumbua macho siku ya Alhamisi, tarehe 7 Machi. Taya lilikuwa limefungwa waya, sauti ilitoka kwa shida, na neno lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa, “Okumu?” Alipoambiwa yuko hai akafumba macho, kisha akasema, “Niliwafungulia. Wangemuua.” Mpelelezi aliyekuwa kando ya kitanda aliandika neno la kwanza na kuliacha la pili, na kwenye faili ikaingia kwamba mshukiwa amekiri kufungua. Triza alimwambia, “Afande, andika yote,” naye akajibiwa kwamba mke si shahidi wa kutegemewa. Kwa siku kumi na moja zilizofuata Dishon alimweleza kila aliyeingia chumbani, daktari, mfagiaji, kasisi wa hospitali, kwamba hakuvunja wala hakuvunjiwa, kwamba alishurutishwa, na kila mmoja aliitazama pingu kwanza ndipo akamsikiliza.

Mfungo wa Ramadhani ulianza katikati ya siku hizo. Hapa Shauri Moyo kuna mama anayeitwa Lela, mke wa Mahmud mwenye duka la rejareja karibu na msikiti, na Lela hukaanga bajia ambazo huuza mchana kando ya magodauni ya Makongeni. Tarehe 20 Februari alikuwa ameketi na beseni lake mahali pale pale, hatua thelathini kutoka relini, na aliona kila kitu tangu Okumu aliposhushwa ngazini, aliona panga, alisikia hesabu, aliona nondo. Na watu walipoanza kubeba, Lela naye alibeba. Ametuambia hivi kwa kinywa chake, na ametaka tusome bila kulainisha, kwamba alimruka Dishon akienda na mtungi mmoja, akamruka tena akirudi, na mara ya tatu akamwona amefumbua jicho moja, anamtazama, na hapo ndipo alipovua mtandio wake akamfunga kichwa, kisha akasikia polisi, akakimbia na mtungi wake.

Mtungi ule alikuja kuufungua siku ya kwanza ya mfungo. Alikaanga futari ya watoto, akaandaa, adhana ikaadhiniwa, na bajia akairudisha sahanini bila kuila. Siku ya pili vivyo hivyo. Mahmud alipomuuliza kulikoni, akamweleza yote, na Mahmud akashika kichwa, akamwambia, “Ukienda watakufunga, Lela.”

“Yule mzee wameshamfunga,” akajibu, “na hata miguu haimbebi.”

Jumatatu ya tarehe 18 Machi, saa tatu asubuhi, akiwa amefunga, Lela aliingia kituo cha polisi na mtungi ukiwa umebaki robo tatu, akauweka juu ya meza ya mapokezi, akasema, “Mie ni mwizi wa mafuta ya garimoshi. Nimekuja kusema habari za yule mlinzi, maana huwezi kujua niliyoyaona mpaka ujue nilikuwa pale nafanya nini.” Askari akamwambia, “Mama, unaelewa unachojitia?” Akasema anaelewa, na anaomba iandikwe kwa wino. Akataja saa, akataja rangi ya lori, akaeleza jinsi panga lilivyomchana Okumu shingoni, na jioni ile Okumu aliitwa, akaambiwa afungue skafu, kovu likaonekana, naye akakaa chini sakafuni na kusema ukweli wote.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, kosa lilibadilishwa kuwa wizi wa mabavu, na pingu ikatolewa. Muuguzi wa zamu alitusimulia kwamba Dishon aliunyanyua ule mkono, akautazama pande zote mbili, akaomba chai, na kwa kuwa alikuwa bado hawezi kutafuna wala kukishika kikombe, Triza akamnywesha kwa mrija. Job alifika mchana, akapiga magoti kando ya kitanda, na kaka yake akamwambia ainuke, sakafu ya hospitali ni baridi. Lela, kwa upande wake, alilala rumande siku nne, akakiri mahakamani kosa la kupokea mali ya wizi, na anatumikia miezi sita ya kufagia zahanati kila asubuhi, na leo ameombewa ruhusa ili awe nasi.

Dishon aliishi siku kumi na nane akiwa mtu huru. Aliongea na wanawe mmoja mmoja, akamsamehe Okumu akiwa ameshika kidole chake, akaulizia matokeo ya mpira na kusikitika kama kawaida, na madaktari walianza kutaja siku ya kurudi nyumbani. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Aprili 2024, damu ilivuja tena ndani ya ubongo, akapelekwa chumba cha upasuaji, na saa nne na dakika ishirini akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Hakufa kwa kuanguka, wala hakufa kwa ugonjwa. Aliuawa kwa nondo na watu waliokuwa wameshapewa walichotaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa siku arobaini na sita, hasa yule muuguzi aliyekuwa akifunga kitambaa chini ya pingu ili isimchubue, jambo ambalo hakuagizwa na mtu. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi kwa zamu huko Chwele tangu jana, na Okumu, ambaye kwa ruhusa ya Triza atabeba jeneza upande wa kichwa. Kampuni tunaishukuru kwa shada la maua, ambalo tumelipokea, na kwa aya iliyotuletea tuisome hapa, inayosema kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, ambayo tumeirudisha. Majirani tunawashukuru kwa hema, kwa maji, kwa kuni, kwa nyimbo za kila jioni, na kwa omena za Triza ambazo siku hizi zinaisha kabla ya saa sita.

Lakini majirani, bado tuna neno nanyi. Wanaume wawili wamekamatwa, wa tatu bado anatafutwa, na kesi itaanza kusikilizwa tarehe 13 Mei. Job amekaa katika vyumba hivyo miaka mingi na anajua wakili wa utetezi atauliza nini, atauliza mashahidi hawa ni akina nani, na jibu litakuwa ni mwizi mmoja aliyekiri na mwongo mmoja aliyekiri, kisha atamgeukia hakimu na kusema, mheshimiwa, huu ulikuwa wizi wa kuvunja kama ulivyoandikwa mwanzo, na mlinzi alikuwa ndani ya njama. Wasipopatikana wengine, anaweza kushinda, na Dishon atatiwa pingu tena akiwa kaburini. Walikuwa zaidi ya mia. Tunajua wengine wenu mko hapa, tunajua mlimruka kwa sababu mlikuwa na njaa ya kitu cha bure, si kwa chuki, na hatuulizi mafuta, mafuta mlishakula. Tunauliza macho yenu yaliona nini. Lela alifanya hivyo peke yake, na mnaona bado anatembea.

Ameketi mstari wa mbele, mkono wa kushoto wa Triza, pamoja na familia, na kando yake tumeacha viti vitano wazi. Vilipangwa hivyo makusudi, wala msidhani ni vya wageni waliochelewa. Jeneza litainuliwa saa tisa, na sasa ni saa saba na nusu, kwa hiyo nafasi ipo, na atakayekuja kuketi hataulizwa chochote mbele ya watu.

Kaka yetu Dishon, mume wa Triza, baba wa watatu, kazi yako umeimaliza, upumzike kwa amani. Sisi tuko hapa, tunasubiri.